Redio ya mama ilivyokataa CD za kuchoma

Mama yangu yuko Tukuyu. Redio yake ni ya zamani, ina kaseti na CD, tundu la flashi haina, na hataki nyingine. Mwezi wa sita nikapeleka simu yangu kwenye kibanda kimoja pale Mwanjelwa, Mbeya, nikachomewa nyimbo za kwaya anazozipenda. Elfu mbili, nyimbo 112 kwenye diski moja. Nilifurahi kweli.

Kufika Tukuyu, redio ikazungusha weee, mwisho kioo kikaandika NO DISC.

Nikairudisha diski kibandani. Kijana akaiweka kwenye kompyuta, ikaimba vizuri. "Dada, redio ya mama imechoka, badilisheni lenzi." Fundi wa kule naye akasema hivyohivyo, nusura nimpe hela. Lakini mama alikuwa na CD ya kununua dukani, na hiyo iliimba mpaka wimbo wa mwisho. Ni kweli lenzi iliyochoka inaweza kusoma ya dukani na kushindwa ya kuchoma, ila diski ni bei ndogo kuliko lenzi, nikaona nianze na diski.

Jibu lilikuwa kwenye ile 112. CD ya kawaida ya muziki inaingia dakika 80 tu, yaani nyimbo 17 hivi za kwaya. Zikizidi hapo ujue umewekewa mafaili ya MP3, yaani nyimbo zilizobanwa ziwe ndogo, na redio za zamani hazijui MP3 ni kitu gani. Kompyuta inasoma vyote, ndiyo maana kule iliimba.

Mara ya pili nikasema nataka "audio CD", yaani ile CD ya kawaida ya muziki. Akachoma, hakunitoza, ila akatumia CD-RW ili siku nyingine nikitaka nifute nichome upya. Alinitakia mema. NO DISC tena! Diski ya dukani inarudisha takriban asilimia 70 ya mwanga wa lenzi. CD-RW inarudisha kama asilimia 15 hadi 25, na redio nyingi za zamani hazikutengenezwa kusoma mwanga hafifu namna hiyo.

Mara ya tatu nilisimama pembeni yake: CD-R ya kawaida, ile isiyofutika, audio, spidi ndogo, na diski ifungwe kabisa mwishoni (kwenye kompyuta wanaita "finalize"), kwa sababu isipofungwa kompyuta itaisoma lakini redio itaikataa. Mama aliipokea jioni, na mpaka nalala ilikuwa bado inaimba.

Kijana ni mvumilivu na bei yake ni nzuri, nitarudi kwake. Kosa lake ni moja, na mimi linaniuma kwa sababu nauli ya Tukuyu nimeilipa mara tatu: hakuniuliza CD naenda kuichezea kwenye nini. Swali hilo lilipaswa kuja kabla ya kupokea hela.

Nimeshaagiza diski sita za nyimbo zilizobaki. Majina nitaandika kwa kalamu ya CD, karatasi ya gundi sibandiki, maana inaifanya diski iyumbe ikizunguka. Na mama nimemwomba asiziache pale dirishani kwenye jua.