Laptopu inagoma kuwaka: urepea Windows au uipige upya?

Mashine inawaka, feni inazunguka, nembo inatokea, vile vidoti vinazungukaaa halafu inajizima inaanza tena. Hapo mafundi wengi watakwambia "lete tupige Windows", yaani waiweke upya kabisa, na kweli itawaka safi kabisa, ila picha zako za harusi ndo basi tena kama wamefomati (wamefuta) diski nzima.

Mi naanzaga na kurepea. Bana batani ya pawa uizime ikiwa inajaribu kuwaka, rudia mara 2 au 3, Windows 10 na 11 zenyewe zinaleta skrini ya matengenezo, ingia Startup Repair, hapo Windows inajaribu kujirekebisha yenyewe. Mafaili hayaguswi. Ubaya wake inaweza ikakaa weee halafu ikwambie imeshindwa, inaudhi kwa kweli.

Kupiga upya unahitaji flashi ya GB 8, na ukimaliza unaanza kusaka programu moja moja. Ila kama kurepea kumegoma mara mbili usijitese, hamisha mafaili kwanza afu piga tu. Na kama diski inagonga ko ko ko, hata upige Windows kumi, hiyo ni diski inakufa.