Figma kwenye timu ya ajaili: naipa nyota nne

Ilani ya ajaili (agile, yaani kutengeneza programu kwa mizunguko mifupi) ya mwaka 2001 ilitiwa saini na watu 17, na msanifu wa kiolesura (anayepanga mwonekano wa skrini na vitufe) hakutajwa humo. Ndiyo maana kwenye timu nyingi bado anakimbizana na waandishi wa kodi za programu (code). Figma, programu ya kusanifu skrini, imetupunguzia mbio hizo kuliko chombo chochote nilichotumia.

Inafunguka kwenye kivinjari, na wote mnaingia faili moja kwa wakati mmoja. Juzi nilikuwa nasogeza kitufe cha “Lipa mchango” kwenye programu yetu ya vikoba, kidole gumba kikifikie bila kunyoosha mkono. Mwenzangu wa kodi akaona hapohapo, akaandika pembeni: “Ujumbe wa ‘salio halitoshi’ utakaa wapi?” Swali zuri mno! Tukamaliza kabla hajaandika mstari hata mmoja. Na ukibadili kitufe mama, nakala zake zote zinafuata. Kwa kazi ya mizunguko ya wiki mbili, hilo pekee linatosha kunishawishi.

Nyota moja naiondoa kwa sababu mbili: inategemea intaneti, na sehemu mahususi ya waandishi wa kodi inalipiwa.

Ila haikufanyii utafiti. Sisi tunasanifu mzunguko mmoja mbele ya waandishi wa kodi, kisha tunawapa akina mama wa kikoba simu yenye mfano wa kubonyeza. Timu yenu ikiruka hatua hiyo, msinunue kwanza.