Kama una Massey 135 ya zamani, nenda kwa mchonga vyuma wa Kizota, Dodoma

Mimi nalima alizeti na mtama huku Kongwa, trekta ni Massey Ferguson 135 aliyoiacha mzee, injini yake Perkins ya silinda tatu bado inanguruma vizuri tu, shida ni spea. Miaka mitatu iliyopita eksili ya mbele ikaanza kucheza, yani usukani unavutwa huku na huku, kuangalia chini kumbe pini ya katikati ile inayobeba eksili nzima imelika upande mmoja.

Nikaenda duka moja mjini nikauziwa pini mpya, nikaapiwa kabisa ni orijino. Haikumaliza msimu! Chuma laini, halafu tundu lenyewe la pini kwenye eksili lilishapanuka kwahiyo ilikuwa inapwaya toka siku ya kwanza. Na bolti walizonipa zilikuwa za milimita. Jamani wenye Massey hizi za zamani, bolti zake ni za inchi. Ile ya nusu inchi spana 19 inaikamata vizuri, ndo maana ukisema dukani nipe bolti ya 19 wanakupa ya milimita 12, maana nayo inashikwa na spana hiyo hiyo, wakati nusu inchi ni milimita 12.7 na meno yake hayafanani kabisa, ukilazimisha unaua meno ya kwenye trekta yenyewe. Mimi nilishaua matundu mawili, iliniuma sana.

Jirani ndo akanielekeza kwa huyu fundi wa Kizota. Nilimpelekea pini, akaigeuza mara moja akairudisha, "Kaka hii imeshalika, nikiiiga nakuchongea ubovu, niletee eksili." Niliona usumbufu lakini nikapakia eksili kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikarudi nayo. Akapima tundu kwa venia, kile kipimo cha mkono cha kupimia upana, juu chini kisha kulia kushoto, akanionyesha vipimo viwili tofauti, tundu limekuwa kama yai. Akalichimba upya mpaka likawa duara, akagongea bushi za shaba, yani vibomba vifupi vya kuvisha tundu ili pini ikae ndani yake, na ndani ya bushi akakata mfereji mwembamba wa kupitisha grisi. Chuma cha pini alikitoa kwenye shafti ya lori, kigumu hasa. Siku ya kuchukua, pini iliingia kwa kusukuma na kiganja, pole pole, na ukiitikisa haigongi. Nilifurahi mpaka nikampigia mama simu.

Pini na bushi mbili nililipa 140,000, dukani nilishatupa 60,000 bure. Kasoro yake ni muda, aliniambia siku mbili zikawa tano maana umeme ulikuwa unakatika, na simu hapokei akiwa kwenye mashine, inabidi uende mwenyewe. Gia pia hachongi. Nilimuomba akakataa, akasema meno ya gia yanataka mashine nyingine na chuma lazima kipikwe kwenye moto kiwe kigumu, nikatafute ya mtumba. Kwangu hiyo ni sifa, wengine wangekula hela yangu.

Nimelima nayo misimu miwili sasa, grisi napiga kila asubuhi kabla ya kuingia shamba, na wiki iliyopita nimenyanyua mbele kwa jeki nikatikisa tairi zote, eksili imetulia. Ukienda beba na kile kitu pini inapokaa, na uende Septemba au Oktoba, Novemba majembe na matrela ya watu yanakuwa yamepangwa mpaka nje barabarani.