Everything na DocFetcher kwenye mashine ya steshenari: uzoefu wangu

Wadau habari zenu. Mimi nafanya kazi steshenari hapa Dodoma, upande wa UDOM, tunataipu, tunaprinti, tunaskani, tunajazia watu maombi ya ajira, yaani mashine moja kwa siku inashikwa na watu wa kila aina. Mwanafunzi anachomeka flash, anafungua risechi yake, anarekebisha, anasevu popote palipotokea, wiki ijayo anarudi mbio mbio sababu msimamizi wake anaitaka leo leo, ukimuuliza umeiitaje anakwambia "kaka mi sikumbuki ila iko humu humu". Ndo maana naona hizi programu mbili za kutafuta mafaili kila mwenye steshenari anapaswa kuwa nazo, zote za bure.

Ya kwanza ni Everything, ya voidtools, ni ya Windows. Ile sachi ya kwenye Windows yenyewe haifanyi vibaya kwenye Documents na Desktop kwa sababu huko imeshatengeneza faharasa yake, ila faili likiwa diski D au kwenye folda aliyojitengenezea mtu inaanza kupita folda moja moja, ule mstari wa kijani unatambaa na mteja amesimama anakuangalia. Everything haifanyi hivyo. Diski ya NTFS (ule mfumo wa kupanga mafaili ambao Windows huutumia) huwa ina orodha yake kuu ya mafaili yote inaitwa MFT, sasa Everything inasoma ile orodha moja kwa moja, ndo maana unaandika herufi mbili tatu majibu yanakuja hapo hapo kabla hujamaliza neno. Wenyewe wanasema mafaili milioni 1 inayamaliza kuyapanga kwa kama dakika 1 na inakula RAM kama MB 75, kwa hiyo hata zile kompyuta za mtumba tulizonazo huku mitaani inakaa vizuri bila kuzilemea.

Utamu wake uko hivi: mteja jina la faili hakumbuki, ila ukimhoji taratibu utakuta anakumbuka vitu vingine, ilikuwa Word au PDF, ilikuwa lini, ilikuwa na mapicha mengi au la. Hayo ndo unayaandika. ext:docx inakuletea Word tupu. Ukiongeza dm:lastmonth inabakiza zilizorekebishwa mwezi uliopita, dm:today za leo, dm:2023 za mwaka huo. size:>5mb kama risechi ilikuwa na mapicha. Ukiweka alama ya mshangao mbele ya neno unalitoa, mfano CV !final. Unaziweka zote kwenye mstari mmoja halafu unapanga kwa tarehe.

Kuna dada alikuja amekata tamaa kabisa, pendekezo la mradi alilifungua kutoka kwenye imeili ya Outlook bila kudaunlodi kwanza, akataipu kuanzia asubuhi, akabonyeza sevu, akafunga, kufungua tena imeili anakuta lile la mwanzo halijaguswa. Watu wengi wakifika hapo wanaanza upya. Nikaandika ext:docx dm:today na likaonekana, liko ndani ndani kwenye folda inaitwa Content.Outlook, imefichwa, kwa macho usingefika huko. Alikaa kimya kwanza, halafu akaanza kupiga simu ofisini kwao. Na kama mtu umeme umekatika hajasevu, jaribu ext:asd, hizo ni nakala za dharura za Word, mara nyingine zimeokoa kurasa nyingi.

Sasa Everything kimsingi inaangalia majina, siyo maandishi ya ndani. Uwezo wa kusachi ndani upo ila ni mzito. Hapo ndo nahamia DocFetcher, hii unaionyesha folda, inasoma Word, Excel, PDF na nyinginezo, inatunza maneno yote, halafu unasachi neno lililo ndani ya faili. Mzee mmoja, katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu kule Hombolo, alifuata muhtasari wa kikao uliotaipiwa hapa zamani, na aliyetaipu alishaacha kazi na faili akaliacha na jina la Document3. Nikaandika muhtasari AND zabibu, likaja, na pembeni unaona maneno yenyewe yamewekewa rangi kwa hiyo mzee akasoma mwenyewe akasema "ndiyo lenyewe hili mwanangu". Kitu nachokipenda zaidi ni ile alama ya ~, ukiandika muhtasari~ inaleta hata kama mtu alikosea akataipu mhutasari, na kwa jinsi sisi tunavyotaipu haraka hiyo ni muhimu sana jamani.

Mapungufu yapo. DocFetcher mara ya kwanza inachukua muda kusoma folda kubwa, iache ifanye usiku. PDF zilizoskaniwa haisomi maana ile ni picha tu, cheti cha form four ulichokiskani hakina neno hata moja ndani kwa macho ya kompyuta, kwa hiyo skani zote sisi tunazipa jina la mteja na mwaka pale pale kabla hajaondoka. Flash nyingi zina mfumo mwingine, FAT32, siyo NTFS, Everything ukitaka iione flash inabidi uiongeze mwenyewe kwenye Options upande wa Folders. Na faili lililofutwa kabisa Everything haiwezi kulirudisha, hiyo ni kazi ya programu nyingine.

Halafu la mwisho nalisema kwa uzito: Everything inaonyesha majina ya mafaili yote kwa yeyote aliyekaa kwenye mashine, na steshenari ina vitambulisho vya NIDA vya watu, CV, mikataba ya viwanja. Ingia Options, Indexes, Exclude, weka humo folda ya nyaraka za wateja, na mashine anayokaa mteja mwenyewe kutaipu usiiweke Everything kabisa, iweke ile ya kaunta tu.