"Mwambie asiguse": tulivyopokelewa kwenye nyumba ya mlowezi

Wiki kadhaa zilizopita nilimpeleka mama kwenye nyumba moja ya zamani ya mlowezi huku Kiambu, ambayo siku hizi ni makumbusho madogo na ukumbi wa sanaa. Nyumba inapendeza, sikatai. Kuta za mawe, vigae, baraza pana linalotazama miti ya kahawa. Lakini hasira haijanitoka.

Sebuleni kuna debe la bati lililobonyea ubavuni. Kibandiko chake kinasema "ndoo ya maji". Mama akacheka, akainama, akalishika mdomo. Yeye amechuma kahawa kwenye mashamba ya walowezi tangu akiwa msichana mdogo. Akaanza kutueleza jinsi walivyolipwa kwa debe, na jinsi nyapara alivyolitikisa ili kahawa ishuke uongeze tena. Kijana anayetembeza wageni hakumtazama hata. Alinigeukia mimi: "Mwambie asiguse."

Mwambie! Mama amesimama pale pale, masikio mazima, na Kiswahili chake kinashinda changu.

Tukapelekwa kwenye piano, kisha bunduki za kuwindia. Vyumba vinne, mchumaji hatajwi hata kimoja. Hakuna neno kuhusu kipande, kile kitambulisho cha kazi ambacho tangu miaka ya 1920 wanaume walitembea nacho shingoni ndani ya kijikebe cha chuma. Hakuna neno kwamba mwenyeji wa Kiambu alinyimwa ruhusa ya kupanda kahawa yake mwenyewe mpaka miaka ya 1950. Sasa hiyo piano ilinunuliwa kwa jasho la nani?

Nilishaamua kuwaambia msiende kabisa. Ila uani, ndani ya lililokuwa ghala, ndiko kwenye picha. Kuna mchoro wa mkaa wa mwanamke anayevuta tawi la mti wa kahawa. Mama aliusogelea, akanyamaza kitambo. "Aliyechora hii aliona kwa macho yake. Angalia vidole, anazungusha tunda, kikonyo kinabaki." Dada wa zamu akamletea kigoda, akamwita cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, wakaongea karibu saa nzima huku akiandika kwenye daftari.

Basi nendeni, lakini anzieni ghalani. Au nendeni ghalani tu, nyumba muiache. Nikilikumbuka lile "mwambie" nakosa hata nyota moja ya kuipa.

Yule dada aliahidi kibandiko kitabadilishwa. Juzi nimempigia. Bado ni ndoo ya maji.