Uzoefu wangu: kozi fupi ya gari la manyuo jijini Mwanza

Kwa miaka kadhaa nimeendesha gari la otomatiki, kama walivyo madereva wengi wa mjini ambao gari lao la kwanza lilishushwa bandarini kutoka Japani likiwa halina pedeli ya klachi. Nilipohamishiwa kwenye kazi inayotupeleka vijijini kwa Land Cruiser za zamani, leseni haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mguu wa kushoto. Nikajiandikisha katika shule moja ya udereva hapa Mwanza, kwenye kozi fupi ya watu wenye leseni wanaotaka kujifunza manyuo, yaani gari la kubadilisha gia kwa mkono na klachi. Tathmini hii inahusu kozi hiyo pekee, si mafunzo ya wanaoanza udereva kabisa.

Gari la kufundishia lilikuwa Corolla ya petroli ya miaka mingi, yenye gia tano, na mwalimu alikuwa mtu mzima aliyewahi kuendesha malori. Somo la kwanza tulilifanyia kwenye uwanja tambarare upande wa Nyakato, na muda wote huo hakuniruhusu kugusa pedeli ya mafuta. Kazi ilikuwa kukanyaga klachi hadi mwisho, kutia namba moja, kisha kuinua mguu taratibu mpaka gari lijisogeze lenyewe kwa nguvu ya sailensi tu, yaani injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta. Katika safari nzima ya pedeli kuna sehemu fupi sana ambapo sahani ya klachi huanza kushikana na flaiwili, gurudumu zito linalozungushwa na injini: sauti ya injini hushuka, usukani hutetemeka kidogo, na boneti huinuka kwa kiasi ambacho abiria hawezi kukitambua. Kabla ya kufika hapo mguu unaweza kupanda haraka upendavyo, na baada ya gari kuanza kutembea unaweza kuachia bila madhara. Kuzimikiwa na kurukaruka kote kwa wanafunzi hutokea ndani ya eneo hilo dogo. “Dada, simamisha mguu hapo hapo,” alikuwa akisema, “gari likishakubali ndipo umalizie kuachia.” Kwa maoni yangu, somo hilo peke yake lilistahili nusu ya ada, kwa sababu mtu akishaijua sehemu hiyo kwa unyayo, mafuta huwa ni nyongeza tu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupandisha gia tukiwa barabarani, na kuhama kutoka namba moja kwenda mbili ndiko kunakomfichua dereva. Tofauti kati ya gia hizo mbili ni kubwa, kwa hiyo injini lazima ipunguze mzunguko kabla klachi haijaachiwa. Ukiwahi, gari linasukumwa mbele kwa kishindo, na ukichelewa mno, vichwa vya abiria vinainama. Mwalimu alinifundisha kupitisha mkono kwenye fri (katikati, pasipo gia) bila pupa, niisikie injini ikishuka, ndipo nimalizie. Alikataa pia kunikuta nimeufumbata mkono wa gia kwa ngumi. Usukani wetu ukiwa kulia, gia huhudumiwa na mkono wa kushoto, na anayeng'ang'ania akitoka mbili mara nyingi hujikuta ameirudia moja badala ya kuipata tatu. Ukitoka mbili na kulegeza kiganja, springi za ndani huurudisha mkono wa gia katikati wenyewe, na tatu inakuwa mbele yako moja kwa moja. Ni jambo dogo, lakini sijawahi kulisikia kwa ndugu na marafiki waliojitolea kunifundisha bure.

Mwanza ni mji wa mawe na vilima, na shule hii inautumia mji wake vizuri. Mlima wa kupanda Bugando ulikuwa darasa la kubalansi klachi. Utaratibu wake ulikuwa hendibreki juu, klachi hadi ishike na nyuma ya gari ilalie kidogo, mafuta kiasi, kisha hendibreki inashushwa na gari linaondoka bila kurudi nyuma hata kwa shubiri. Nyuma yako kuna bodaboda aliyekusogelea mpaka huoni taa yake, na alama ya L haimtishi. Mwalimu hakuniruhusu kulishikilia gari mlimani kwa klachi pekee, mtindo ambao madereva wengi wa Hiace wanauonea fahari, kwa kuwa sahani inayoteleza huku imebeba uzito wa gari inaungua, na harufu yake hufika puani kabla bili haijafika mfukoni.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba gari moja lilibeba wanafunzi kadhaa kwa kipindi kimoja, na saa niliyoilipia niliitumia kwa sehemu kubwa nikiwa kiti cha nyuma nikitazama wenzangu. Jambo hilo halikutajwa ofisini wakati wa kupokea ada. La pili ni zito zaidi. Mafunzo yaliegemea mno kwenye kuondoka na kupanda, na kushusha gia kungepita bila kufundishwa kama nisingeuliza. Nilipouliza, mwalimu alieleza vizuri sana kwamba unapotoka nne kwenda tatu unagusa mafuta kidogo kabla ya kuachia klachi, ili mzunguko wa injini ulingane na mwendo wa magurudumu na gari lisivutwe nyuma ghafla, na kwamba kwenye mteremko mrefu gia ndogo ndiyo inayolizuia gari ili breki zisipate moto zikalegea. Elimu hiyo ilipaswa kuwa sehemu ya kozi, kwani anayekwenda kuendesha gari lenye mzigo kwenye miteremko anaihitaji kuliko hata kubalansi.

Kazini nilikabidhiwa Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita. Klachi yake ni nzito na inashikia juu zaidi ya ile ya Corolla, ila dizeli ina nguvu ya kutosha kwenye mzunguko wa chini, hivyo kwenye tambarare inaondoka bila mafuta kabisa, sawasawa na zoezi la siku ya kwanza. Kabla ya kupakia watu niliitafuta sehemu yake ya kushika ndani ya uzio wa ofisi, na safari ya kwanza mwenzangu aliyekaa mbele alipitiwa na usingizi tukiwa bado kwenye lami.

Kwa mwenye leseni anayehitaji manyuo kwa kazi, naipendekeza kozi hii, kwa masharti: kabla ya kulipa, uliza ni wanafunzi wangapi watakaopanda gari lako kwa kipindi kimoja, omba vipindi vya asubuhi mapema kabla daladala hazijajaa barabarani, na udai kipindi kizima cha kushuka mlima.