Blackbeard au Kapteni Hook: nani amchekeshe mtoto?

Blackbeard ni haramia aliyeishi kweli. Alichomeka tambi zinazofuka chini ya kofia ili moshi umzunguke usoni, na mwaka 1718 aliizingira bandari ya Charleston, Marekani, akateka watu. Fidia aliyodai? Sanduku la dawa! Haramia mzima, shida yake famasi. Hapo watoto watavunjika mbavu. Kasoro ni mwisho wake: alikatwa kichwa, kikaning'inizwa kwenye jahazi la waliomuua.

Hook ni haramia wa kubuni, katika Peter Pan, tamthilia ya J. M. Barrie ya 1904. Mamba alimla mkono, kisha akameza saa. Ikisikika tiki-tiki, nahodha mbio. Kwa mtoto wa miaka mitano, Hook bila kusita. Wa miaka kumi atamtaka Blackbeard, tena atauliza kichwa kilikaaje pale.